Rangi ya Kaniki

Katika ukumbi wa nyumba yetu ya Kanyenye, mjini Tabora, iko picha moja ambayo nimeiona tangu sijajua kusoma. Ni picha ya mwanamke aliyesimama mbele ya ukuta wa udongo, mikono kaiachia kando, macho kayaelekeza kwa mpiga picha bila kucheka na bila kuogopa. Shingoni ana shanga. Mwilini ana nguo moja, kaifunga juu ya kifua kama walivyofunga wanawake wa zamani. Sisi watoto tulimwita Bibi wa Picha, ingawa alikuwa na jina lake, na ingawa bibi yangu mzaa baba, ambaye alikuwa binti yake wa kumzaa, hakupenda kabisa tumwite hivyo.

Picha yenyewe husemwa kuwa ni ya nyeusi na nyeupe. Ukweli ni kwamba ni ya kijivu, maana weusi wake umepauka na weupe wake umeingia umanjano wa chai. Nilikua nikiamini, kwa namna ambayo mtoto huamini mambo bila kuyasema, kwamba Bibi wa Picha aliishi katika dunia ya kijivu. Jua lake lilikuwa la kijivu, na miembe yake, na ugali wake. Nilimheshimu, lakini sikuwahi kumwonea huruma wala kumwonea hamu. Mtu wa kijivu haumwi na jino.

Idi iliyopita mtoto wa dada yangu, kijana anayejua mambo ya simu, aliipiga picha ile picha, akaitia katika programu fulani ya kupaka rangi picha za kale, na kabla chai haijapoa akatuonyesha. Nguo ya Bibi wa Picha ilikuwa ya kijani kibichi. Ukuta ulikuwa wa kahawia. Uso ulikuwa uso: ngozi yenye joto, mashavu, mdomo wa mtu aliyetoka kunywa maji. Shanga zilibaki nyeusi. Simu ilizunguka mkono kwa mkono na watu wakanyamaza. Kisha mtoto mmoja wa miaka kama saba akasema, "Mbona anafanana na mama?" Na kweli alifanana. Tulikuwa tumeitazama picha ile miaka yote na hakuna aliyewahi kuliona jambo hilo, mpaka rangi ilipokuja.

Wote walifurahi isipokuwa shangazi yangu, ambaye amekwisha pita miaka themanini na mitano, na ndiye peke yake katika ukumbi ule aliyewahi kumwona yule mwanamke kwa macho. Aliiangalia simu kwa muda, akairudisha, akasema polepole, "Hiyo siyo rangi yake." Kijana akamwuliza kwa adabu, "Bibi, kwani ilikuwa rangi gani?" Shangazi akaomba aongezewe sukari.

Nitarudi kwa shangazi. Kwanza ningependa msomaji anivumilie niulize swali ambalo lilinikosesha usingizi baada ya sikukuu ile: rangi imetufanya nini? Mwanamke hakubadilika. Ukuta ulikuwa ule ule na macho yale yale. Kwa nini mtu aliyekuwa mbali nasi zaidi ya miaka mia moja alitufikia kwa sekunde chache, hata mtoto akamwona mama yake ndani yake?

Nikajiuliza kama ni hila ya simu tu. Lakini sivyo, kwa sababu ziko picha za rangi za kale ambazo si za kubahatisha, nazo hutenda jambo lile lile kwa nguvu zaidi. Mwaka 1908, Mrusi mmoja aitwaye Sergei Prokudin-Gorskii alimpiga Leo Tolstoy picha ya rangi. Mzee ameketi kitini nje ya nyumba yake, amevaa shati la samawati na mabuti marefu, ndevu zake ni nyeupe na nyuma yake ni majani mabichi. Mara ya kwanza nilipoiona nilirudi nyuma kidogo, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba alichodhani ni kitupu. Tolstoy alizaliwa 1828. Richard Burton na John Speke walipoingia Tabora, wakati huo wakiiita Kazeh, tarehe 7 Novemba 1857, Tolstoy alikuwa mtu mzima wa miaka 29. Basi yule mzee mwenye shati la samawati alikuwa hai siku zote misafara ilipopita hapa kwetu. Sikuwa nimewahi kuzifikiri siku za misafara kuwa siku ambazo mtu aweza kuwa na shati la samawati.

Ufundi wa picha hizo ulikuwa wa taabu. Katika ule alioutumia Prokudin-Gorskii, ambao alikwenda kujifunza Berlin kwa Profesa Adolf Miethe, mpiga picha alipiga mara tatu, moja baada ya nyingine, kupitia vioo vya buluu, kijani na nyekundu, kisha zile tatu zikaunganishwa kwa mwanga au kwa wino. Aliyepigwa ilimbidi atulie. Akitikisa mkono, mkono hutoka na kivuli chekundu upande huu na cha buluu upande wa pili. Ndugu Lumière wa Ufaransa wakaleta njia nyepesi zaidi, iliyoanza kuuzwa 1907: kioo kimoja kilichotandazwa chembe ndogo mno za wanga wa viazi zilizotiwa rangi. Kwa kioo hicho tajiri mmoja wa Paris, Albert Kahn, alituma wapiga picha duniani kote, wakamrudishia picha za rangi zipatazo 72,000.

Afrika Mashariki nayo haikuachwa. Mwanafunzi mwingine wa Miethe, Robert Lohmeyer, alizunguka makoloni ya Wajerumani katika Afrika kati ya 1907 na 1909, na picha zake zikatokea Berlin katika kitabu kikubwa juu ya makoloni hayo. Picha zake ni nzuri, tena nzuri hata zinatia wasiwasi. Hebu fikiri miaka yenyewe. Vita vya Maji Maji vilikuwa ndiyo kwanza vimemalizika. Watu waliokufa kwa vita na kwa njaa iliyofuata hukadiriwa kufika hata 300,000. Na hapo ndipo rangi ilipokuja nchini mwetu, ikapeleka Ulaya anga ya buluu na majani mabichi. Wasomaji wa Berlin walisogezwa karibu na nchi yetu, ndiyo, lakini kama mnunuzi anavyosogezwa karibu na kitambaa dukani. Tangu hapo nimejua kwamba ukaribu peke yake haumfanyi mtu kuwa mwema. Mtu aweza kukaribishwa sana na bado asione kitu.

Lakini na ukijivu nao unayo kazi yake, na kazi hiyo kwetu Tabora naijua vizuri. Nilipokuwa shule, vitabu vya historia vilikuwa na michoro ya misafara: mstari wa watu wamebeba pembe, mstari mwingine wamefungwa shingo kwa magogo. Wote walichorwa kwa wino mweusi. Tulijifunza tarehe, tukajibu mitihani, tukapasi. Hakuna mwalimu aliyetuuliza, nasi hatukuulizana, ni nani miongoni mwetu darasani aliyetokana na waliobeba na nani aliyetokana na waliofungwa. Na darasa lile lilikuwa katika mji ambao nusu ya watu wake walifika kwa njia ile ile! Wino mweusi ulitusaidia. Mambo yalikuwa ya "wakati ule", na wakati ule ulikuwa nchi nyingine.

Ajabu ni kwamba hakuna njia duniani iliyotegemea rangi kama njia ya misafara. Kutoka Bagamoyo hadi hapa mpagazi alitembea miezi, frasila mbili begani, na zaidi ya pembe na baruti mzigo mkubwa ulikuwa ni rangi: nguo na shanga. Hizo ndizo zilizonunua chakula na kulipa hongo. Amerikani ilikuwa nyeupe ya kufifia, kaniki ilikuwa buluu iliyokolea hata kukaribia weusi. Na shanga zilikuwa na majina na nchi zake. Shanga nyeusi, bubu, zilikubaliwa Ugogo, lakini ukizivusha Ugogo hazikuwa na thamani. Nyeupe zilipokewa mahali na mahali zilidharauliwa. Henry Stanley, alipokuwa akijitayarisha Unguja mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, alihangaika na hesabu hiyo, kwa sababu kiongozi aliyechagua rangi isiyotakiwa aliweza kulala njaa na magunia yake yamejaa. Juu ya zote zilikuwa shanga nyekundu kama marijani, samisami. Burton aliandika kwamba zilipewa hata jina la utani lenye maana ya kuvunja miji, jinsi wanawake walivyozipenda.

Basi watu wale walijua rangi kuliko sisi tunaonunua fulana za mitumba bila kuchagua. Mwenye kusimama barabarani Tabora mwaka 1860 aliona msafara ukija kwa rangi zake kabla hajaona nyuso. Na kama ni mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, msitu nao ulikuwa mwekundu, kwa sababu miombo huchipua majani mekundu na ya rangi ya shaba kabla hayajageuka kijani. Anayepita kwa gari moshi msimu huo hudhani pori linaungua. James Grant, aliyekuja na Speke katika safari ya pili, alipiga picha Unguja mwaka 1860, lakini bara kamera ilishindikana, akashika brashi. Kwa hiyo rangi za njia hii zilianza kuandikwa kwa maji na brashi, mapema kuliko kamera. Kisha kamera zikafika, na sote tukaingia katika kijivu.

Hapa liko jambo moja la kifundi ambalo sikulijua mpaka nilipokuwa mtu mzima, nalo lilinifanya niitazame upya kila picha ya kale. Vioo vya picha vya zamani vilikuwa na upofu. Buluu viliiona upesi, nyekundu havikuiona. Kitu cha buluu kilitoka cheupe-cheupe, na kitu chekundu kilitoka cheusi. Hata vilipoboreshwa vikaona na kijani, nyekundu iliendelea kuwa giza kwa miaka mingi. Miethe na mwenzake Arthur Traube, mwanzoni mwa karne ya 20, walipata dawa ya kukifanya kioo kione nyekundu, na ndiyo sababu ufundi wa rangi ukawezekana. Lakini wapiga picha wengi wa kawaida waliendelea na vioo vile vile vyenye upofu.

Maana yake nini? Maana yake kijivu cha picha hizo hakikuwa hata kijivu cha haki. Shanga ya samisami, iliyopendwa kuliko zote, ilitoka nyeusi kama bubu. Thamani yake iligeuzwa na kioo. Na ngozi yetu, ambayo ndani ya weusi wake mna wekundu mwingi, ilitiwa giza kuliko ilivyo, hata macho na meno yakabaki yakiangaza peke yake katika uso usiosomeka. Mzungu aliyesimama kando ya wapagazi wake alitoka na mikunjo yote ya uso wake. Wapagazi walitoka vivuli. Kisha vitukuu vyao tukazitazama picha hizo, tukasema, kumbe watu wa zamani walikuwa wakali. Hawakuwa wakali, walikuwa hawaonekani.

Na wakati mwingine kijivu humfaa yule ambaye hakustahili kufaidika nacho. Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, ambaye baba yake aliishi hapa Tabora na kuoa binti wa mtemi Fundikira, alifariki Unguja mwaka 1905, miaka miwili tu kabla ya vioo vya Lumière kuingia madukani. Katika picha zake anaonekana mzee wa heshima, kama wazee wa zamani wote wa nchi zote. Mimi humtazama nikajiuliza kama ningeweza kumtazama kwa utulivu huo huo kama ningeiona rangi ya mikono yake. Katika Manyema, ambako utajiri wake ulichumwa, ndiko alikotoka Bibi wa Picha.

Nimeliandika. Katika ukoo wetu halisemwi hivyo. Husemwa kwamba yule bibi "alikuja kutoka bara", na neno bara katika Tabora lina huruma nyingi, humfunika kila mtu. Nilipokuwa kijana nilimwuliza bibi yangu mama yake alikuja na nani kutoka huko bara, akanijibu, "Na miguu yake." Sikuuliza tena.

Siku ya tatu ya Idi nilikwenda kwa shangazi peke yangu. Nilimwamkia, tukazungumza juu ya magoti yake na bei ya unga, kisha nikaitoa ile picha, ile ya karatasi, niliyokuwa nimeishusha ukutani kwa ruhusa ya dada. Nikamwomba aniambie rangi. Alikaa kimya. Akasema, "Mwanangu, yule amestirika. Mwache."

Neno hilo lilinikata. Maana nilikuwa nimekwenda nikiwa na hoja zangu zote: kwamba kijivu ni uongo, kwamba wafu wana haki ya kuonekana, kwamba tunajificha nyuma ya vumbi la picha tusilipe deni. Naye kwa neno moja alinionyesha upande ambao sikuufikiria. Huenda kijivu ni sitara. Huenda aliyeteswa na macho ya watu maisha yake yote, akapimwa na kukaguliwa kama bidhaa, akifa anastahili kuwa mbali kidogo. Sisi tunaopenda kusema kwamba picha za rangi zinatuletea wafu karibu, je, tumewauliza kama wanataka kuja? Tolstoy alikuwa nyumbani kwake, kitini kwake. Watu wa Lohmeyer, wangapi walikuwa nyumbani kwao kweli, hata kama ukuta nyuma yao ulikuwa wao?

Nikamwambia shangazi, kwa adabu, kwamba naelewa, lakini sasa amekwisha vuliwa ile sitara, na si mimi. Vijana wanayo ile picha ya kijani kwenye simu zao. Mmoja tayari anataka kushona nguo za kijani za ukoo kwa ajili ya harusi, kwa kuwa "bibi alipenda kijani". Miaka ishirini ijayo itakuwa historia. Kama anastahili kuwa mbali, basi awe mbali akiwa yeye. Tusimweke mahali pake mwanamke mwingine aliyetungwa na simu.

Sijui kama hoja yangu ilimshinda au uchovu ulimshinda. Aliichukua picha akaiweka mapajani.

"Ile ni kaniki," alisema.

Msomaji wa leo huenda asishtuke. Kaniki leo ni nguo ya mganga, au ya kazi za shamba. Lakini siku zile, pwani na katika miji kama yetu, kaniki ilikuwa nguo ya mjakazi. Mwungwana hakutoka nayo barabarani. Wanawake waliopata uhuru wao waliivua wakavaa kanga, na wengi hawakutaka hata kuiona tena. Bibi yangu hakuruhusu kaniki kuingia nyumbani, nami nilidhani ni mambo ya uchawi. Na kwa kuwa ilikuwa imefuliwa mara nyingi, na kwa kuwa kioo huipausha buluu, katika picha ilitoka kijivu cha kawaida ambacho mtu aweza kukiita rangi yoyote. Simu ilikiita kijani.

Kwa hiyo siri yote ya ukoo wetu ilikuwa imening'inia ukumbini zaidi ya miaka mia, mbele ya kila mgeni, mbele ya kila mchumba aliyekuja kuposa na wazee wake waliouliza asili yetu. Kama picha ile ingepigwa kwa ufundi wa Lohmeyer, ingalichomwa siku nyingi. Kijivu ndicho kilichoihifadhi. Nililifikiria hilo pale pale, shangazi angali kaishika, na sikupata la kusema.

Lakini alikuwa hajamaliza. Alinyosha kidole kwenye shanga. "Na hizi si nyeusi. Hizi ni nyekundu."

Akanieleza. Bibi wa Picha alikuwa akipika mihogo na kuuza kwa vibarua wa reli, miaka ile Wajerumani walipokuwa wakiisogeza reli kuja Tabora, ambayo ilifika mwaka 1912. Siku zake za kujifanyia kazi zilikuwa chache katika juma, zilizosalia ni za bwana wake. Alikusanya rupia mpaka akatimiza bei yake, akapewa hati serikalini. Binti yake, yaani bibi yangu, alikuwa huru kabla yake: Wajerumani walikuwa wameamuru kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 wawe huru, naye alizaliwa baada ya hapo. Mama alimbeba mgongoni mtoto ambaye alikuwa mwungwana kuliko yeye. Hakungoja Waingereza, ambao walikuja kuukomesha utumwa Tanganyika kwa sheria mwaka 1922. Na fedha za kwanza zilizobaki baada ya kujikomboa, kabla hajapata za kununua kanga, alinunua samisami. Fundi mmoja wa reli mwenye kamera alimkuta amezivaa, akamsimamisha ukutani.

"Alikuwa akisema," shangazi aliniambia, "nguo ile alinunuliwa. Shanga alinunua."

Nimeifikiria picha ile kila siku tangu hapo. Kioo kilifanya makosa mawili tu, na makosa hayo ndiyo maisha yake yote. Kilipausha kaniki na kutia giza samisami. Kilificha fedheha aliyovikwa na kilificha furaha aliyojivika, kwa dawa ile ile, bila kuchagua. Nilipokuwa nikibishana na shangazi juu ya sitara tulikuwa tukibishana juu ya nguo. Hakuna aliyekumbuka kwamba kijivu kimezifunika shanga pia.

Nami naona sasa kwamba mtoto aliyesema "anafanana na mama" alisema kweli, na rangi ya simu, pamoja na uongo wake, ilimsaidia kuisema. Siikatai. Uso ule ulistahili kuonekana, hata kwa mkopo. Ila ukaribu ule haukutudai kitu. Tulifurahi, tukamaliza chai. Kaniki inadai. Inadai niseme katika kikao cha posa, nikiulizwa asili, jambo ambalo baba yangu hakulisema. Binti ya dada yangu anaposwa mwaka huu, na wazee wa upande wa pili ni watu wanaouliza. Dada ananiomba ninyamaze mpaka harusi ipite. Ana haki yake: si mimi nitakayerudishiwa barua ya posa. Nimemwambia sitasema lolote nisipoulizwa, na nikiulizwa sitasema kijani. Hajaridhika, na sikutegemea aridhike.

Ile picha ya simu imebaki kwenye simu za watu, siwezi kuifuta. Ya karatasi nimeirudisha ukutani, bado ya kijivu. Kabla sijaitundika, pale pale kwa shangazi, niliigeuza nikaandika nyuma kwa penseli: jina lake, Tabora, mwaka 1912 au karibu yake, nguo ni kaniki ya buluu iliyopauka, shanga ni samisami, nyekundu. Shangazi, ambaye macho yake hayasomi tena, aliniomba nimsomee nilichoandika. Nikasoma. Akasikiliza hadi mwisho, akasema kwamba bibi yake hakutamka samisami, alitamka samesame.

Nikafuta, nikaandika upya.